Mazingira pia ni somo la kitivo cha lugha

Wenzangu darasani hawachoki kunitania kwa jina la kwetu. "Salama bila nini?" wananiuliza kila mwanzo wa mwaka. Huwa najibu kwamba hata tahajia yake haijatulia: ramani moja huandika Salamabila, nyingine Saramabila, na mwanaisimu mwenye busara hatoi asili ya jina kabla hajakaa na wazee wa pale. Lakini siku hizi swali hilo la mzaha linanifuata kwa namna nyingine, na ndilo lililonifanya niombe nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili za jarida letu.

Muhula uliopita kitivo kiliitisha kikao juu ya kuingiza elimu ya mazingira katika masomo yetu. Rasimu iliyosomwa ilipendekeza kozi moja mpya ya saa thelathini, itakayotolewa kwa Kifaransa na mhadhiri mgeni kutoka kitivo kingine, wanafunzi wote wakiwa ukumbini kwa pamoja. Baada ya kusomwa, mmoja wa walimu wetu ambaye namheshimu sana alisimama akasema kwa upole: sisi ni watu wa lugha, mito na miti tuwaachie wenye fani yao. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, lakini pia sikusema neno. Leo nasema: rasimu ile haitoshi, na makofi yale yalikuwa kosa.

Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Salamabila ni mji wa dhahabu, katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa Maniema. Jirani yake ni Namoya, ambapo madini yalichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Mama mdogo wangu ni mmoja wa wanawake wanaotwanga mawe yanayotoka mashimoni. Mume wake hununua dhahabu kidogo kidogo kwa wachimbaji. Likizo ya mwaka juzi nilikuwa kwao. Siku moja mtoto alileta karatasi iliyokuwa ikigawiwa sokoni, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, nikaambiwa niisome kwa sauti. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, sanifu kabisa. Karatasi ilisema zebaki ni sumu, na ikawataka watu waepuke kuvuta mvuke wake.

"Zebaki ni nini?" mama mdogo akauliza.

Nikamwambia ni ile maji mazito yenye kung'aa, ya kushika dhahabu.

"Aa, dawa!" akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Kama ni sumu, juu ya nini wanaiita dawa?"

Sikuwa na jibu. Akacheka: "Unasoma lugha miaka hii yote, unashindwa kunieleza?" Nikaona aibu, nikatafuta njia ya mkato. Nikasema: "Mama, moshi wake ni mbaya. Msikae kwenye moshi wake." Akaitikia. Nikaridhika kwamba nimetafsiri vizuri kuliko karatasi.

Baada ya siku tatu niliingia jikoni. Baba mdogo alikuwa amechutama mbele ya mbabula, kijiko cha chuma mkononi, anachoma donge la dhahabu na ile dawa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya wezi, maana hakuna anayechoma dhahabu mbele za watu. Kwenye mkeka pembeni alikuwa amelala mtoto wao wa mwisho. Nikashtuka. Mama mdogo akanituliza: "Usiogope, baba. Tumefanya vile ulisema. Makala imeshika vizuri, hakuna moshi."

Wenzangu wa kemia wanajua nilichokuwa nimefanya. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 hivi za selsiasi, na hewa yake haina rangi wala harufu. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye moto mkali, na ndiyo yanayoitoa haraka. Hewa hiyo ikiingia mapafuni hupita katika damu na kushambulia neva. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, na walio hatarini zaidi ni watoto na mimba. Mimi niliwapa watu wangu kipimo cha hatari, na kipimo kilikuwa cha uongo. Walinitii, na utii wao ukawaweka pabaya. Nilikuwa mwaka wa tatu wa isimu. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa leksikolojia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyachunguza maneno ya karatasi ile kama tunavyofundishwa kuchunguza data, na naomba msomaji anivumilie tuyapitie, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Neno la kwanza ni "zebaki". Ni la Kiarabu kwa asili, limo katika kamusi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha toa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi, basi, tunazo. Lakini neno kuwamo katika kamusi si sawa na neno kuwamo mjini. Wako wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaoijua Zebaki kama jina la sayari tu. Kwetu Salamabila muuzaji husema jina la Kifaransa, na mnunuzi husema dawa. Anayeandika "zebaki" peke yake amemwandikia mhariri mwenzake.

Neno la pili ni "dawa". Ni rahisi kusema kwamba watu wetu wamepotoshwa na neno hili, kwamba lugha yao haitofautishi tiba na sumu. Si kweli. Tuna dawa ya meno na dawa ya viatu, lakini pia tuna dawa ya panya na dawa ya mbu, na hakuna mtoto asiyejua kwamba dawa ya panya ni sumu. Kinachoonya hapo ni kile kinachofuata: jina linamtaja anayekufa. "Dawa ya dhahabu" inataja kile inachokihudumia, haimtaji inayemdhuru. Kwa hiyo hatuna haja ya kupigana na neno "dawa" ili tulifukuze mdomoni mwa watu. Tunahitaji kulimalizia.

Neno la tatu ndilo lililoniangusha. Karatasi ilisema "mvuke", nami nikaona ni neno la shule, nikalibadilisha kuwa "moshi". Yote mawili yana hitilafu. Mvuke, kwa mtu wa nyumbani, ni wa maji ya moto, tena una sifa njema: mwenye mafua hujifukiza, hujifunika blanketi akauvuta. Moshi, kwa upande wake, ni kitu kinachoonekana na kuwasha macho, usipouona, haupo. Hakuna neno moja linalobeba "hewa ya sumu isiyoonekana, inayotoka kwenye kitu kinachong'aa kikipata moto". Panahitajika sentensi, si istilahi.

Sentensi ninayoitumia sasa tuliitengeneza na mama mdogo mwenyewe kwa jioni kadhaa, mimi nasema, yeye ananirudishia kwa maneno yake, tunasahihishana: "Dawa ya dhahabu ikipata moto inageuka hewa. Hewa ile haionekani, hainuki. Inaingia kifuani hata kama hakuna moshi." Ni maneno ya kawaida kabisa. Hakuna kamusi iliyonipa, na hakuna kozi iliyonifundisha kuyatafuta.

Sasa mtu aniambie kwamba jambo hili ni la wenzetu wa kilimo na kemia peke yao. Mkemia anajua kinachotoka kwenye kijiko kile. Hajui kwamba "mvuke" unamkumbusha mgonjwa blanketi la mafua. Hilo ni letu.

Na si jambo la nyumba moja. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, uchimbaji mdogo wa dhahabu unatoa zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote ambayo wanadamu huitupa hewani duniani. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unachukua jina la mji ambao mwaka 1956 uligundulika kuwa na watu waliodhurika kwa kula samaki wenye zebaki. Kiambatisho C cha mkataba huo kinataja vitendo vinne vya kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge mahali pa wazi, kulichoma katika makazi ya watu, na kutumia sianidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Mistari minne tu. Mkataba una lugha sita rasmi, zile za Umoja wa Mataifa. Mistari ile minne inawahusu watu wengi wanaosema Kiswahili kuliko wanaosema Kirusi, lakini haikuandikwa kwa ajili ya masikio yao.

Hapa nchini hali ni hiyo hiyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na wajibu wa kuyalinda. Sheria ya mazingira ni ya tarehe 9 Julai 2011. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka uchunguzi wa athari kwa mazingira na mashauriano na wakaaji. Vyote vimeandikwa kwa Kifaransa. Namoya imepita mikononi mwa kampuni ya Banro ya Kanada, iliyotangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, ikasimama 2019 kwa sababu ya usalama, ikaja Shomka. Katika muda huo ripoti za kitaalamu zimejaa majina yetu: Mwendamboko, Kakula, Muviringu. Yalikuwa majina ya mahali kabla ya kuwa majina ya hifadhi za dhahabu. Mwanafunzi wa isimu anayekusanya majina ya mahali huko Kabambare anaandika historia ya mazingira, awe anajua au hajui. Kilima kinaweza kuondoka, jina likabaki limening'inia juu ya shimo.

Sisi wa Maniema tulipaswa kulielewa jambo hili mapema. Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, iliyokuwa na vituo Kabambare na Kasongo, mji wa Tippu Tip, na huko Nyangwe ambako Livingstone alifika mwaka 1871. Kingwana ni matunda ya biashara ile. Kisha ikaja migodi ya wakoloni, ikaleta maneno ya Kifaransa. Leo mwenye shimo huitwa PDG, na kule Kamituga, Kivu Kusini, wanawake wanaotwanga mawe wanaitwa "twangaises": kitenzi chetu "kutwanga" kimevalishwa mwisho wa Kifaransa. Kila kitu kilichotolewa katika ardhi hii kiliacha msamiati wake. Msamiati wa kuchukua tunao mwingi. Msamiati wa madhara yake ndio tunaouchelewesha.

Nadharia pia ipo, kwa wanaoihitaji. Einar Haugen aliandika juu ya ikolojia ya lugha mwaka 1972. Mwaka 1990, huko Thessaloniki, Halliday aliwaambia wanaisimu kwamba matatizo ya mazingira si ya wanabiolojia na wanafizikia tu, bali ni ya wanaisimu pia, akatoa mfano wa lugha zinazoyataja maji na mafuta kana kwamba hayana mwisho. Sikubaliani na kila kitu hapo. Kwetu "maji" hayana umoja, yanakwenda na ngeli ya wingi daima, na bado kila siku husikika "maji yamekwisha". Lakini kazi ya kujadili hilo ni ya kitivo hiki, si ya kitivo kingine. Na tangu Mkutano wa Tbilisi wa Oktoba 1977, ulioandaliwa na UNESCO pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, imekubalika kwamba elimu ya mazingira isifungiwe katika somo moja. Ipite katika masomo yote. Rasimu yetu ya saa thelathini iko nyuma ya Tbilisi kwa miaka mingi.

Napendekeza nini, basi? Sitaki kozi mpya. Nataka kozi tulizo nazo zibadilishe mifano.

Katika tafsiri, tuache kwa muhula mmoja hotuba za mabalozi. Tupewe kiambatisho kile cha Minamata, au vifungu vya mazingira vya sheria ya madini, tuvitie katika Kiswahili cha Maniema, na katika Kibangubangu, Kizimba, Kikusu au Kibuyu kwa wanaozijua. Na alama zisitolewe na mwalimu peke yake. Kila mwanafunzi awasomee watu kumi wasiosoma Kifaransa, awaombe wamrudishie kwa maneno yao, na aandike walichoelewa. Kama ningefanyiwa mtihani huo kabla ya likizo, neno "moshi" lingeniangusha darasani, si jikoni.

Katika leksikografia na kazi za uwandani, tukusanye maneno ya maji, udongo, samaki, miti na magonjwa ya migodini, tukiandika umri wa kila msemaji. Guthrie aliiweka Kibangubangu D27, Kizimba D26, Kibuyu D55, na sisi hukariri namba hizo kwa mtihani. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja samaki kumi wa Luama kwa lugha yoyote kati ya hizo? Mama mdogo anataja wengi. Watoto wake wanataja wachache, na wengine wote ni "samaki" tu. Tofauti ya orodha hizo mbili ni takwimu ya isimu na ni takwimu ya mto.

Katika istilahi, tujadili neno "endelevu". Linatokana na "kuendelea", sawa na "maendeleo", na ndiyo maana mtu wa kijijini akisikia "maendeleo endelevu" anasikia kitu kimoja mara mbili. Lakini mkulima yeyote anajua kubakisha mbegu, na mrina asali anajua kubakisha masega. Huenda kitenzi tunachokitafuta ni "kubakisha". Sisemi nina jibu. Nasema hili ni swali zuri la mtihani.

Ya ndani ya kitivo nayataja kwa ufupi tu: karatasi tunazozitupa baada ya kila kikao, na viroba vya plastiki mtaroni nyuma ya ukumbi. Tusizungumze habari za Luama tukiwa na mtaro ule.

Nimekwisha sikia pingamizi tatu. La kwanza: tutafundisha kemia tusiyoijua. Jibu ni kwamba tusitafsiri peke yetu. Kila zoezi lipitiwe na mtu wa kemia au wa afya, naye apitiwe na sisi. La pili: ratiba imejaa. Ndiyo, na sijaomba hata saa moja.

La tatu ndilo zito, na alinipa mama mdogo mwenyewe. Nilipomweleza yote, akasema: "Nimeelewa. Sasa baba yako mdogo akachomee wapi?" Nje kuna wezi. Chombo cha kufunga chenye bomba, kinachoirudisha dawa ili itumike tena, kingefaa, tena kingewaokolea pesa, lakini pale kwao hakipo, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Neno sahihi halimpi mtu mlango wa pili, wala halimlishi. Anayedhani kitivo cha lugha kitaiponya Salamabila kwa vipeperushi anajidanganya.

Lakini nimeliona pia hili. Siku za kuchoma, mtoto sasa halali jikoni. Anapelekwa kwa jirani, na kijiko kile kimetengwa, hakipikiwi chochote. Ni kidogo. Baba mdogo bado anaivuta hewa ile mwenyewe, na anajua anachovuta. Mwaka juzi hakujua, na aliyekuwa na kazi ya kumjulisha ni mimi.

Wengi wetu tutamaliza tukiwa walimu wa lugha, Kasongo, Kabambare, Kindu na kwingineko. Tutapewa karatasi tuzisome kwa sauti mbele ya watu wanaotuamini. Naomba kitivo kitutayarishe kwa siku hiyo. Kikao kijacho juu ya rasimu nitakuwepo, na safari hii nitaomba kusema.